Choo Kikibadilika Rangi, Tuulize Kwanza Tumekula Nini



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wa afya, mada ya mwezi huu ni ile ambayo wengi wetu hatupendi kuitaja mbele za watu: haja kubwa, yaani choo. Tunazungumza kwa uhuru juu ya kichwa kuuma, mafua na malaria. Lakini choo kikitoka cheusi, chekundu au cheupe, mtu hunyamaza. Mke hamwambii mume, mzee hamwambii mwanawe, na kijana hamwambii mtu yeyote.

Maoni yangu ni kwamba ukimya huu unatuumiza kwa njia mbili. Kwanza, unatufanya tuogope mambo ambayo si ugonjwa. Mama mjamzito anameza vidonge vya kuongeza damu, anaona choo cheusi, anashtuka na kuvitupa vile vidonge. Damu yake inazidi kupungua, na siku ya kujifungua inakaribia. Pili, unatufanya tupuuze mambo ambayo ni ugonjwa kweli. Mzee anaona choo cheusi kinachonata kama lami, anajiambia kuwa ni mboga aliyokula jana, kumbe damu inavuja ndani ya tumbo lake. Rangi ni ile ile, lakini mmoja alipaswa kutulia na mwingine alipaswa kukimbizwa hospitali. Dawa ya makosa yote mawili ni moja: kutazama, kujiuliza tumekula nini, na kusema.

Wala si jambo la aibu. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi wake juu ya kinachomtia mtu unajisi, alieleza wazi kwamba chakula huingia tumboni, kisha hutoka na kwenda chooni. Hakuona haya kulitaja. Naye Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, anafundisha kwamba viungo vya mwili tunavyovidhania kuwa havina heshima ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Utumbo ni kiungo cha namna hiyo. Hufanya kazi usiku na mchana bila kuonekana, na kuuheshimu ni kujali habari unazotuletea.

RANGI YA CHOO HUTOKA WAPI?

Ili tusiogope ovyo, yafaa kwanza tujue kazi inavyokwenda. Chakula kikishatafunwa hushuka tumboni, na humo husagwa kwa saa chache na kuchanganywa na tindikali. Kisha huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Hapo ndipo sehemu kubwa ya virutubisho hufyonzwa na kuingia katika damu. Mabaki husukumwa hadi utumbo mpana, wenye urefu wa mita 1.5 hivi, ambako maji hufyonzwa na mabaki hayo kuanza kushikamana. Kwa kawaida safari nzima, tangu mdomoni hadi chooni, huchukua siku 1 hadi 3. Kwa hiyo choo cha leo asubuhi si lazima kiwe cha chakula cha jana usiku. Huenda ni cha juzi. Tulishike jambo hili, kwa maana tutalihitaji mbele.

Sasa, mtu anakula ugali mweupe, samaki mweupe na kabichi, lakini choo chake ni cha kahawia. Rangi hiyo inatoka wapi? Inatoka katika damu yetu wenyewe, kwa njia ya nyongo. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Zikizeeka, mwili huzivunja, na mabaki ya rangi yake hupelekwa kwenye ini, ambalo huyatoa pamoja na nyongo. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita 1 ya nyongo kila siku. Nyongo inapomiminika katika utumbo huwa na rangi ya manjano na kijani. Inapoendelea na safari, bakteria waishio utumboni huibadilisha polepole mpaka ikawa kahawia.

Tukilielewa hilo, tunapata funguo tatu za mambo mengi. Chakula kikipita upesi mno, nyongo haipati muda wa kubadilika, na choo hutoka cha kijani. Nyongo ikizuiwa isifike utumboni, choo hukosa rangi na kuwa cheupe kama chokaa au udongo wa mfinyanzi. Na damu ikivuja sehemu za juu, yaani tumboni au karibu na hapo, humeng'enywa njiani na kutoka nyeusi. Ikivuja chini, karibu na njia ya haja kubwa, hutoka ikiwa nyekundu.

CHAKULA KINAPOKIPAKA CHOO RANGI

Mara nyingi, hata hivyo, mabadiliko ya rangi hayana ubaya wowote. Ni chakula tu.

Kijani. Mchicha, kisamvu, matembele na mboga nyingine za majani zina rangi ya kijani yenye nguvu, na yote haimalizwi tumboni. Familia iliyokula kisamvu siku 2 mfululizo isishangae. Vivyo hivyo mtoto aliyekunywa vinywaji au kula pipi zenye rangi za madukani.

Nyekundu. Bitiruti inaongoza hapa. Mtu akila bitiruti au kunywa juisi yake, choo huweza kuwa chekundu hata akadhani ni damu, na kwa watu wengine mkojo pia huwa wa waridi. Hali hiyo huisha yenyewe baada ya siku 1 au 2. Maganda ya nyanya na ya pilipili hoho nyekundu nayo huonekana chooni kama vipande vyekundu.

Manjano na rangi ya chungwa. Karoti, maboga, papai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mawese vina rangi moja ya asili ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ikizidi, nyingine hutoka na choo. Hii ni habari njema, kwa kuwa vyakula hivyo hulinda macho ya watoto.

Nyeusi. Zambarau zinazopaka ulimi rangi huweza kukitia choo giza. Vyakula vyenye damu hufanya vivyo hivyo: wenzetu wa Kilimanjaro wanaokula kisusio, na wafugaji wanaokunywa damu ya ng'ombe, wasishangae wakiona choo kimekolea. Makaa na baadhi ya dawa za tumbo pia hukifanya choo kuwa cheusi.

Vipande vya chakula. Wazazi wengi huja wakiwa na wasiwasi kwamba mtoto "hasagi chakula," kwa kuwa wameona punje za mahindi au maganda ya maharage katika choo chake. Ganda la punje ya mahindi limejengwa kwa nyuzinyuzi ambazo mwili wa mwanadamu hauna uwezo wa kuzimeng'enya. Cha ndani kimefyonzwa. Kilichoonekana ni koti lake tu. Tumfundishe mtoto kutafuna vizuri, basi.

Kwa msomaji anayetumia dawa za kifua kikuu, niongeze neno moja ingawa si la choo. Dawa iitwayo rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya chungwa au nyekundu. Hiyo si damu. Asiache dawa kwa sababu hiyo, kwa maana kuacha dawa za kifua kikuu njiani ni hatari kubwa kwake na kwa wote anaokaa nao. Lakini akiona macho yamekuwa ya manjano, aende kwa mganga wake siku hiyo hiyo, kwani baadhi ya dawa hizo huweza kuudhuru ini.

VIDONGE VYA KUONGEZA DAMU

Hapa naomba akina mama na akina baba wasome kwa makini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mama mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Ndivyo vile vidonge vinavyotolewa kliniki. Mwili hufyonza sehemu tu ya chuma hicho. Kinachobaki hupita na kukipa choo rangi nyeusi au kijani iliyokolea sana. Haina maana kwamba mtoto ameharibika tumboni, wala kwamba dawa ni sumu. Ni alama kwamba dawa imemezwa.

Vidonge hivi huweza pia kuleta kichefuchefu au kufunga choo. Mama akivimeza baada ya kula kidogo, akanywa maji ya kutosha na kula matunda kama papai, wengi hupata nafuu. Avimeze pamoja na chungwa au limau, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Asivimeze na chai, kwa kuwa chai hukizuia chuma. Chai isubiri saa 1 au 2. Hali ikizidi kuwa mbaya, arudi kliniki abadilishiwe, lakini asivitupe kimyakimya.

Nasema kimyakimya kwa sababu hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo si ya mama peke yake. Mhudumu anayempa mama vidonge bila kumwambia, "Mama, choo kitakuwa cheusi, usiogope," ametoa nusu ya dawa. Sentensi moja ingetosha. Ndugu zetu tunaohudumu katika zahanati, tuitamke sentensi hiyo kila siku hata kama foleni ni ndefu. Na baba aliye nyumbani aijue pia, ili mkewe akishtuka awepo wa kumtuliza. Mama mwenye upungufu wa damu akitokwa damu wakati wa kujifungua hana akiba ya kumbeba. Wapo wanaopoteza maisha hivyo.

Tena kuna suala la kula udongo, ule ambao wengine huuita pemba. Wajawazito wengi huutamani. Lakini udongo hufunga choo, huweza kubeba mayai ya minyoo, na huzuia chuma kufyonzwa. Anayetamani udongo sana asichekwe. Apimwe damu, kwa kuwa mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu.

CHOO CHA MTOTO MCHANGA

Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi chenye ukijani, na kinanata. Ndivyo Mungu alivyopanga. Mtoto akiendelea kunyonya, choo hubadilika siku ya 3 au ya 4, na kufikia siku ya 5 huwa cha manjano. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu hupata choo laini, cha manjano, chenye chembechembe kama za mbegu, hata mara nyingi kwa siku. Huko si kuharisha. Inasikitisha kuona bibi mwenye nia njema akimpa mjukuu wa wiki 2 maji ya majani au dawa ya dukani "kumkausha tumbo." Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanatosha, bila hata maji, isipokuwa dawa iliyoagizwa na mganga. Baadaye, mtoto huyo huyo anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo. Ikiwa ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, na choo kikija ni laini, hakuna ubaya.

Rangi ya kijani ya mara moja moja kwa mtoto mchangamfu isimtishe mama. Rangi inayopaswa kumtisha ni nyingine, nayo haiogopwi kwa sababu haionekani kuwa ya kutisha: nyeupe. Mtoto mchanga anayepata choo cheupe, cha rangi ya maziwa au ya udongo mkavu, huku macho yake yakiwa ya manjano baada ya siku 14 tangu kuzaliwa, huenda njia zake za nyongo zimeziba. Upo upasuaji wa kumsaidia, uliobuniwa Japani na daktari Morio Kasai katika miaka ya 1950. Lakini hufanikiwa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajatimiza siku 60. Anayeambiwa "subirini, itaisha tu" mpaka mwezi wa 4 amepotezewa nafasi yake.

Taiwan waliliona hilo, na tangu 2004 waliwapa wazazi wote kadi yenye picha za rangi za choo, ili mama ailinganishe na anachokiona katika nepi. Japani waliiweka kadi kama hiyo katika kijitabu cha mama na mtoto mwaka 2012. Ni karatasi moja tu, haihitaji umeme wala mashine. Mimi naona picha hiyo ingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila kliniki, tukianza na zahanati zetu za Kanisa.

MWENDO WA TUMBO NA CHAKULA CHETU

Rangi ni habari moja; mwendo wa tumbo ni habari nyingine. Watu huuliza: ni mara ngapi kwa siku? Kwa watu wazima, kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki ni kawaida, mradi choo ni laini na hakina maumivu. Hakuna haja ya kunywa dawa ya kuharisha kila mwisho wa mwezi ili "kusafisha tumbo." Tumbo hujisafisha lenyewe likipewa chakula kinachofaa. Dawa za kuharisha zikizoewa hupoteza maji na chumvi za mwili, na kupigwa bomba kwa maji ya sabuni huweza kuuchoma utumbo. Kwa mtoto ni hatari zaidi.

Chakula kinachofaa ni kipi? Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi miaka ya 1960. Alishangaa kwamba magonjwa mengi ya utumbo aliyoyajua kwao yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake wa Kiafrika. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao. Wanakijiji wa Uganda walipata choo cha wastani wa gramu 470 kwa siku, na mabaki ya chakula yalipita mwilini kwa saa 36 hivi. Kwa askari wa majini wa Uingereza ilikuwa gramu 104 tu, na zaidi ya saa 80. Burkitt aliona kwamba tofauti ilikuwa katika makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi: wanakijiji walikula ndizi, viazi, maharage na nafaka zisizokobolewa, na Waingereza walikula mkate mweupe.

Leo tumegeuka. Tunaona dona ni chakula cha shida na sembe nyeupe ni chakula cha heshima. Mgeni akija, tunamwandalia mkate mweupe na soda. Maharage tunayaficha jikoni. Kisha tunalalamika kuwa choo kimekuwa kigumu na bawasiri imekuwa ya kawaida. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana. Sisemi tusile kabisa siku ya sikukuu. Nasema tusiwaone wazee wetu kuwa walikula vibaya. Neno moja la tahadhari: mahindi ya dona yawe makavu na safi. Mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wanaosumbuliwa na gesi baada ya kula maharage wayaloweke usiku kucha na kumwaga maji yale kabla ya kupika. Gesi hutokana na aina fulani za sukari ndani ya maharage ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, bali bakteria wa utumbo mpana huzifanyia karamu. Na wanaoharisha au kujaa tumbo kila wanapokunywa maziwa freshi si lazima wawe wamerogwa wala kuwa na minyoo. Watu wazima wengi wa Afrika, wakiacha utoto, hupungukiwa na kimeng'enya cha sukari ya maziwa. Wengi wao huyamudu maziwa mgando, kwa kuwa sehemu ya sukari ile imekwisha kuliwa na bakteria wanaoyagandisha.

RANGI ZISIZOSUBIRI

Nimesema mengi ya kutuliza mioyo. Sasa niseme ya kuamsha. Mambo yafuatayo hayangoji, wala yasisingiziwe chakula.

Choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, kwa mtu asiyemeza vidonge vya chuma. Hiyo yaweza kuwa damu kutoka tumboni. Vidonda vya tumbo huletwa zaidi na bakteria waliogunduliwa mwaka 1982 na madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao hutibika kwa dawa. Sababu nyingine kubwa ni vidonge vya maumivu, kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo wazee wetu hununua dukani kwa ajili ya magoti na kuvimeza miezi mingi bila kupimwa. Na wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria wakumbuke kichocho cha tumbo, ambacho kwa miaka mingi huharibu mishipa ya ini hadi mtu akatapika damu. Anayepata choo cha lami huku akiona kizunguzungu asilale nyumbani hata usiku mmoja. Na mtu anayemeza vidonge vya chuma, akiona choo kinanata kama lami au akijisikia kulegea, naye asijipe jibu mwenyewe. Aende apimwe.

Choo chekundu kwa mtu asiyekula bitiruti. Damu ikiwa pamoja na makamasi, homa na tumbo kusokota, ni kuhara damu, na yahitaji tiba haraka, hasa kwa mtoto. Damu ikidondoka juu ya choo inaweza kuwa bawasiri. Inaweza pia kuwa saratani. Asiwepo wa kujipa jina la bawasiri kabla ya kupimwa, hata kama ni kijana, hasa kama anakonda au mwendo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa.

Choo cheupe pamoja na macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hapo nyongo imezuiwa, au ini linaumwa.

Choo kama maji ya mchele, kinachotoka kwa wingi. Hicho ni kipindupindu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa apelekwe upesi, na njiani anyweshwe maji ya chumvichumvi bila kukoma.

Mtoto anayeharisha, rangi yoyote ile, asinyimwe maji, maziwa wala chakula. Anayenyonya aendelee kunyonya. Tumpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hakuna, tuchanganye lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6. Macho yakididimia, akikosa nguvu ya kunywa, akitapika kila kitu au choo kikiwa na damu, aende hospitali.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Napendekeza kila familia ijiulize maswali matatu rangi inapobadilika. Tumekula nini katika siku 3 zilizopita? Ni dawa gani tumemeza? Na je, kuna dalili nyingine, kama maumivu, homa, kulegea au macho ya manjano? Kama jibu ni chakula na mtu ni mzima, aache chakula hicho, na baada ya siku 3 rangi itarudi. Isiporudi, aende kupimwa. Kama kuna dalili yoyote kati ya zile nilizozitaja, asihesabu siku.

Na tuwafundishe watoto kusema. Mtoto anayegombezwa akitaja choo atakuwa mtu mzima anayeficha damu. Wazee nao wasaidiwe kwa heshima: mwana amuulize baba yake faraghani, na binti amuulize mama yake, bila kicheko. Katika mikutano ya jumuiya ndogondogo na ya WAWATA tunaweza kumwalika muuguzi wa parokia atumie nusu saa tu kwa mada hii. Nina hakika maswali yatazidi muda.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa naye aliumbwa na Bwana. Hatuwezi kumheshimu mganga kwa kumfikia tumechelewa. Kabla ya kumwaga maji chooni, tutupe jicho. Ni tendo la sekunde moja, na huenda likamrudishia mtu wa nyumbani mwako miaka yake.

Tuombeane afya njema ya roho na mwili.